Kumsaidia kijana anayelala nje Tanga: mwongozo kamili, kuanzia barazani hadi wodini na kurudi

Mwongozo huu ni kwa mtu wa kawaida: mama lishe ambaye vijana humzunguka asubuhi wakisubiri ukoko, bodaboda wa stendi ya Kange, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa vijana kanisani, mwenye duka Ngamiani anayefungua mlango alfajiri akakuta mtu kajikunja juu ya boksi barazani kwake. Daktari humwona kijana huyu kwa dakika chache, polisi humwona siku ya msako. Ninyi mnamwona kila siku, na ninyi ndio mtakaojua wa kwanza kwamba wiki hii hali chakula wala haongei.

Jambo ninalolisimamia ni moja. Yale tunayoyaita ukaidi, yaani gundi, unga (heroini), ugomvi, kulala na yeyote mwenye chumba, kwa kijana asiye na makazi mara nyingi ni dawa aliyojiandikia mwenyewe. Ni dawa mbaya, na inaua. Lakini ukimnyang'anya kabla hujampa kitu cha kushika nafasi yake, umembakishia maumivu matupu, na ataitafuta ile ile au mbaya kuliko ile. Ndiyo maana mpangilio wa hatua hizi una maana. Usiruke.

Hatua ya kwanza: wajue wote, si wale wanaoonekana tu

Ukitaja vijana wasio na makazi, wengi humfikiria mvulana mwenye kiroba cha makopo begani. Huyo yupo. Wapo wanaookota chupa na chuma chakavu, wanaobeba ndoo za samaki Deep Sea mashua zinapoingia, wanaoshusha mizigo soko la Mgandini, wanaosafisha magari stendi. Wengi si wazaliwa wa mjini. Wametelemka kutoka Lushoto, wametoka Muheza, Handeni, Kilindi, Korogwe. Sababu wanazozitaja zinafanana: mzazi kafariki, mama kaolewa na baba wa kambo hamtaki mtoto, kipigo, njaa, shule iliyokatika, au kufukuzwa kwa sababu ya ugonjwa ambao nyumbani waliuita mashetani.

Wasichana hutawakuta barazani, na hapo ndipo wengi wetu tunapodhani hawapo. Msichana aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani, akafukuzwa usiku na begi lake bila mshahara, hatalala nje siku mbili. Atapata mwenyeji. Wiki hii yuko kwa bwana, wiki ijayo gesti, baadaye chumba cha nyuma cha baa. Naye hana makazi, na kila kitanda anakilipia kwa mwili wake. Ukitaka kumfikia zungumza na wasusi, wahudumu wa baa na mama lishe. Hao ndio wanaojua nani kahamia kwa nani, na nani ameanza kuficha alama za wembe kwenye mikono.

Hatua ya pili: jiandae wewe kwanza

Nenda mkiwa wawili, na kama mnawafuata wasichana mmoja wenu awe mwanamke. Mwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa mnachokifanya, ili siku mkiulizwa jambo msionekane wafanyabiashara wa watoto wala wauza unga. Kamera na simu ya kupigia picha vibaki mfukoni. Picha ya kijana amelala na gundi puani itamfuata hadi siku anapoomba kazi. Pesa taslimu usigawe, kwa sababu inaleta ugomvi baada ya wewe kuondoka, na mdogo kuliko wote ndiye atakayenyang'anywa.

Weka namba tatu kwenye simu yako. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Namba 119 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nayo ni bure. Uliza huko utaratibu wa tiba ya uraibu. Namba 112 ni ya dharura, polisi.

Kisha chagua siku moja ya wiki unayoweza kuitimiza bila kukosa. Kama ni Jumatano baada ya swala ya magharibi, basi iwe Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana huyu ameshaahidiwa mengi na watu wengi, na kitu cha kwanza atakachokipima kwako ni kama unarudi.

Hatua ya tatu: mazoea kabla ya maswali

Usiende usiku wa manane, wala mtu akiwa amelewa. Wakati mzuri ni asubuhi wanapoamka, au jioni kabla gundi haijaanza kuzunguka. Kaa chini kama walivyokaa. Usisimame juu ya kichwa cha mtu aliyezoea kuamshwa kwa teke. Agiza chai na mihogo ya wote waliopo, si ya mmoja.

"Unaitwa nani, umetoka wapi, wazazi wako wako wapi" ni maswali ya kituoni. Yaache. Mlango mwepesi kuliko yote ni usingizi, kwa sababu hauna aibu:

"Vipi mdogo wangu, jana ulilala?"

"Kidogo tu, kaka."

"Kidogo kwa nini?"

"Nilikuwa nalinda viatu."

Kijana aliyejibu hivyo alikuwa amefunga kamba za raba zake kwenye kifundo cha mkono, fundo juu ya fundo, ili mtu akizivuta yeye azinduke. Ngozi pale ilikuwa imechubuka na kupona na kuchubuka tena. Tukaongea habari za viatu muda mrefu. Kutoka kwenye viatu tukafika kwa nani huwaibia, kutoka hapo kwa nani huwapiga, na mwisho akasema analala mchana kwa sababu usiku "kuna watu wanakuja". Sikuuliza wanakuja kufanya nini. Aliisema mwenyewe wiki nyingine, alipokuwa tayari.

Akikueleza jambo zito, usishtuke kwa sauti, usilie mbele yake, usimwambie "pole, yatapita". Mwambie: "Ahsante kwa kuniambia. Halikuwa kosa lako." Kisha nyamaza. Wataalamu huiita huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na Shirika la Afya Duniani liliifupisha mwaka 2011 kwa vitendo vitatu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvikumbuka: tazama, sikiliza, unganisha. Kutazama ni kuona kama yuko salama na ana shida gani ya haraka. Kusikiliza ni kutomlazimisha aseme. Kuunganisha ni kumfikisha kwenye huduma, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni hiyo.

Hatua ya nne: uliza inamsaidia nini

Hapa ndipo pa kukaa sana. Badala ya "kwa nini unavuta?", uliza "ikikushika inakusaidia nini?" Swali la kwanza humfanya ajitetee. La pili humfanya afikiri, na majibu yake yatakuonyesha pa kuanzia.

Gundi, atakwambia, inaondoa njaa na baridi, na inampa uso wa kuomba bila haya. Bangi inamletea usingizi. Mirungi inamkesha macho ili asiibiwe wala kuingiliwa. Gongo linampa ujasiri wa kujibu. Unga mwanzoni ulizima kumbukumbu. Baada ya muda hatafuti raha tena, anakimbia arosto, yale maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na baridi isiyo ya hali ya hewa yanayoanza saa chache baada ya kete ya mwisho. Kubeti ni tumaini la siku. Kisu mfukoni kinawaambia wakubwa wa maskani wasimguse. Na bwana mwenye chumba ni paa, hasa masika, Machi hadi Mei, baraza zote zinapoloa.

Ukishajua kazi ya kitu, tafuta mbadala wa kazi hiyo. Kama gundi ni ya baridi na njaa, blanketi, sweta na uji wa jioni vitapunguza kiasi anachovuta hata kabla ya ushauri wowote. Kama mirungi ni ya kujilinda, zungumza na mlinzi wa duka au wa msikiti awaruhusu walale wanne pamoja karibu na taa yake, na umtafutie mahali pa kulala mchana saa tatu bila kusumbuliwa. Mtu asiyelala hupandwa na hasira, husahau, huona vivuli; usingizi peke yake huondoa sehemu ya yale tuliyoyaita kichaa. Kama bwana ndiye paa, usimtukane huyo bwana mbele ya msichana. Mtafutie kwanza mama wa makamo mwenye chumba cha ziada, halafu mwongee habari za kuondoka.

Mbadala hautoshi kila mara. Unga hasa haushindwi na blanketi, nitaufikia. Lakini kijana ambaye ameona umeuelewa usiku wake atakubali kwenda nawe mahali ambako hakubali kwenda na mtu mwingine.

Hatua ya tano: tambua pale shida inapokuwa ugonjwa

Magonjwa mengi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 25, kwa hiyo ungeyakuta kwa vijana hata kama wote wangekuwa na nyumba. Mtaa unayaongeza na kuyaficha. Kazi yako si kutaja jina la ugonjwa. Kazi yako ni kuona mabadiliko.

Kiwewe humfanya mtu aruke akiguswa bega, asikae akiupa mgongo mlango, apige kelele usingizini, au akatike ghafla katikati ya maongezi macho yakiwa mbali. Sonona, yaani ugonjwa wa kuzama moyo, kwa wavulana wa mtaani mara nyingi haionekani kama huzuni, huonekana kama hasira. Anaacha kuoga, anaacha hata kuokota makopo, chakula anampa mwenzake, kila neno ni ugomvi. Kwa wasichana angalia wembe, kutokula, na kuongea habari zao wenyewe kana kwamba ni za mtu mwingine. Anayesikia sauti, anayedhani redio inamsema, anayecheka peke yake na kuogopa chakula kwa kudai kina sumu, huyo apelekwe hospitali bila kusubiri uthibitishe kama ni bangi au si bangi. Daktari atapambanua. Ila bangi kwa mtu anayesikia sauti humwongezea sauti, mwambie hivyo waziwazi.

Mawili yanaua kwa sababu watu huyadhania wazimu. Kuchanganyikiwa ghafla pamoja na homa kunaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa mwingine wa ubongo. Kuchanganyikiwa baada ya kipigo, hasa kipigo cha kundi la watu, kunaweza kuwa damu inavuja ndani ya fuvu. Hizo ni dharura za saa hiyo hiyo. Na kifafa si jini wala hakiambukizi: mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye hadi azinduke. Dawa za kifafa zipo na si ghali. Tatizo la mtaani ni kuibiwa dawa, na kuiacha ghafla humletea degedege kali kuliko la mwanzo.

Hatua ya sita: uliza kuhusu kujiua, kwa neno lake

Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Humpunguzia mzigo. Anaposema "nimechoka", "bora nisingezaliwa", au anapogawa vitu vyake vidogo, kaa naye pembeni na umuulize: "Mdogo wangu, umefika mahali unafikiria kujiua?" Si "hufikirii mambo ya ajabu, eti?" Swali la namna hiyo linamwomba akudanganye.

Akisema ndiyo, uliza atatumia nini, lini, na kama kitu chenyewe anacho. Mwenye njia, siku na kifaa asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Ondoa sumu, kamba, vidonge. Mtakwenda hospitali leo, wewe au mwenzako mkiwa naye hadi apokewe. Asiye na mpango lakini ana wazo, mwekeeni mtu wa kukaa naye usiku na umpeleke kliniki siku inayofuata. Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huwafanya wengi wafiche hata walichokimeza. Mpeleke akatibiwe kwanza, na mweleze daktari ukweli wa alichomeza, kwa sababu tiba inategemea hapo.

Hatua ya saba: asife usiku huu

Wapo watakaosema kumfundisha mtu kutumia kwa usalama ni kumruhusu atumie. Siafikiani nao. Aliyekufa hana tena nafasi ya kuacha unga.

Anayevuta gundi usimkimbize wala kumshtua akiwa katikati ya kuvuta. Moyo ukiwa na kemikali ile unaweza kusimama kwa hofu au kwa mbio za ghafla. Waombe wasivute karibu na sigara au moto, na wasifunike kichwa na mfuko.

Anayetumia unga aliyekula zaidi ya mwili unavyostahimili utamjua: anakoroma kwa namna ya kusongwa, pumzi zimepungua, midomo na kucha zimebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, haamki ukimwita. Mlaze ubavu, kichwa kielekee nyuma kidogo, ondoa kitu mdomoni. Kama hapumui, mpulizie mdomo kwa mdomo huku usafiri ukitafutwa. Usimmwagie maji, usimpe maziwa, usimwache "alale iishe". Dawa ya kumzindua iko hospitali. Waambie wenzake mapema kwamba hawatakamatwa na wewe kwa kukuita, kwa sababu hofu hiyo ndiyo inayowafanya wamkimbie mwenzao akiwa bado hai.

Sindano isichangiwe, wala maji na pamba. Hapo VVU na homa ya ini hupita kirahisi. Na mlevi wa gongo wa kila siku asikatishwe pombe ghafla akiwa peke yake. Kutetemeka, degedege na kuona vitu visivyokuwepo kunaweza kumjia katika siku mbili tatu za mwanzo, na kunaua. Huyo aachishwe akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Hatua ya nane: akibakwa au kulawitiwa, hesabu saa

Hili huwapata wavulana pia, si wasichana tu, na wavulana ndio wanaolisema kwa kuchelewa zaidi. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi siku ya kwanza, na inaweza kutumika hadi siku ya tano. Asioge, asifue nguo alizovaa, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi.

Fomu ya PF3 hutolewa polisi na inahitajika kwa kesi, lakini tiba ya dharura isiisubiri. Polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usimweleze askari wa kaunta mbele ya watu. Hospitali uliza kama wana Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi na ustawi wa jamii hukutana mahali pamoja ili kijana asirudie kusimulia kwa kila mlango. Na kupima VVU hakuhitaji mzazi kwa kijana wa kuanzia miaka 15. Sheria ilibadilishwa hivyo mwaka 2019.

Hatua ya tisa: mpeleke hospitali, na urudi naye

Kwa Tanga mjini mlango mkubwa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Kituo cha afya cha karibu, kama Makorora au Ngamiani, kinaweza kuwa mwanzo mwepesi na kutoa rufaa. Fika asubuhi mapema, kijana akiwa amekula na ameoga. Nguo safi si urembo. Zinabadilisha namna anavyopokewa getini, inasikitisha lakini ndivyo ilivyo. Andika kwenye karatasi mambo matano: yalianza lini, analalaje, anakulaje, anatumia nini na kiasi gani, amewahi kuumia kichwa au kuanguka kifafa. Wasiwasi ukimkaba mbele ya daktari, karatasi itaongea.

Hana bima wala pesa? Usiishie dirisha la malipo. Kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza hupitia huko. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inasaidia, ndiyo maana nilikwambia umwarifu tangu mwanzo.

Kwa mraibu wa unga, Bombo kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga. Tiba hii ilianza nchini mwaka 2011 Muhimbili, na inatolewa bila malipo. Mtu huja kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Inaondoa arosto ili kichwa kipate nafasi ya kufikiri kitu kingine. Si tiba ya wiki mbili, ni ya muda mrefu, na haichanganywi na pombe wala vidonge vya usingizi, mchanganyiko huo unasimamisha pumzi. Kuja kila siku ni kazi ngumu kwa asiye na nauli. Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli kuukuu moja inayozunguka kati ya vijana watatu imefanya kazi ambayo mawaidha hayakuifanya.

Dawa za magonjwa ya akili zina usumbufu wake, na hakuna anayewaeleza. Shingo kukaza, macho kupinduka juu, ulimi kuwa mzito: hayo yanaweza kutokea siku za mwanzo, yanatisha, na yana dawa. Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, usimwambie aache. Kwa anayelala nje muulize daktari kuhusu sindano ya kila mwezi badala ya vidonge. Vidonge barazani huloa, huibwa, au huuzwa. Kama ni lazima viwe vidonge, atunziwe na mtu mmoja anayempitia kila siku. Mama lishe wake anafaa kuliko mtu yeyote, na dawa humezwa pamoja na chai.

Anayehitaji kukaa wodini muda mrefu anaweza kupewa rufaa. Mkoa wetu wenyewe una Lutindi, Korogwe, milimani Usambara. Mahali hapo palianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kulea watoto waliotoka utumwani, na tangu mwanzo wa karne iliyofuata pamekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Nalitaja kwa sababu nasikia mara nyingi kwamba tiba ya akili ni mambo mageni kwetu. Ni ya zamani hapa kuliko barabara nyingi tunazopita.

Hatua ya kumi: mganga, shekhe, mchungaji

Tuko pwani, na hakuna mgonjwa wa akili atakayefika Bombo bila mtu wa familia kusema apelekwe kwanza akapungwe. Usigombane. Ukigombana watakwenda kwa siri, na dawa ya hospitali itaachwa. Sema hivi: kombe anywe, dua asomewe, maombi aombewe, na dawa ya hospitali aimeze vilevile. Masharti yawe matatu tu: asifungwe minyororo, asipigwe ili "kitoke", asinyimwe chakula wala dawa. Mashekhe na wachungaji wengi wakielezwa kwa heshima hukubali, na neno lao "endelea na dawa, mwanangu" lina uzito kuliko letu.

Hatua ya kumi na moja: aliye chini ya miaka 18, na habari ya kurudi nyumbani

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Kwa hiyo kwa mtoto hupaswi kunyamaza na kumlea kimyakimya nyumbani kwako, hata kama nia ni njema. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116. Mwambie kijana kabla ya kufanya hivyo, si baada: "Hili siwezi kulibeba peke yangu. Nitamwambia mtu mmoja, nitakutajia ni nani, na nitakuwepo."

Haraka ya kumpandisha gari arudi kwao ni kosa ninaloliona sana. Anaonekana amesaidiwa, picha ya kuagana inapigwa, na kabla ya mwezi kwisha yuko Kange tena, mara hii akiwa na aibu ya ziada. Kwanza ijulikane alikimbia nini. Kama alikimbia fimbo au mtu aliyemwingilia, hapo si nyumbani. Tafuta bibi, shangazi, mjomba, au uliza ustawi wa jamii kuhusu familia za kuaminika. Kama nyumbani panafaa, aanze kwa simu, kisha atembelewe, kisha aende siku chache na kurudi, akiwa na kadi yake ya kliniki na rufaa ya hospitali ya wilaya anakokwenda.

Hatua ya kumi na mbili: paa, kazi, na kuanguka tena

Chumba cha vijana watatu wanaochangia kodi, chenye mtu mzima jirani wa kuwapitia, hudumu kuliko chumba cha mmoja. Kazi iwe ya kulipwa kwa siku mwanzoni. Mwenye arosto au sonona hawezi kusubiri mwisho wa mwezi. Asilipwe usiku karibu na kijiwe, alipwe asubuhi, na sehemu aitunze kwa mtu. Msaidie kupata barua ya mtaa, kisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Bila hivyo hata laini ya simu hasajili. Akikamatwa kwa uzururaji, mtu anayeweza kufika kituoni na kusema "huyu namjua, anatibiwa, kadi yake hii hapa" hubadilisha mambo mengi.

Ataanguka. Karibu wote huanguka angalau mara moja, na wiki hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Aliyekaa bila unga kwa wiki kadhaa, iwe wodini, rumande au kijijini, mwili wake umesahau kipimo cha zamani, na kete ile ile aliyokuwa akiimudu inaweza kumuua mara ya kwanza tu. Mwambie hili siku anapotoka, na mwambie rafiki yake anayelala naye pia.

Akipotea, ulizia kwa utaratibu huu: maskani yake na maskani jirani, mama lishe wake, kituo cha polisi, wodi za Bombo na chumba cha maiti, kisha stendi kwa mawakala wa mabasi ya kwao. Usisubiri zaidi ya siku mbili. Ukimpata, au akirudi mwenyewe, swali la kwanza lisiwe amekuwa wapi. Muulize kama amekula na kama amelala, mpeleke kliniki kesho yake asubuhi hata kama ni methadoni ya kuanza upya, na Jumatano uwepo pale pale.